Yosamu Tsongo na Akina Muhindo wa Soko la Bwera

Wasikilizaji wapendwa, mlioko Kasese mjini, mlioko Bwera, mlioko milimani Kyondo, na ninyi wa ng'ambo ya mpaka mnaotupata kwa kuinua redio juu ya kabati, poleni na kazi. Leo hatukuanza na muziki. Saa hii ya Jumamosi ilikuwa ya Yosamu Tsongo, na Yosamu Tsongo hatunaye tena. Alifariki Jumanne hospitalini, mkewe Proscovia akiwa amemshika mkono. Jana tulimzika kwao Kyondo, pembeni mwa kahawa ya baba yake.

Wengi mlimjua kwa sauti tu. Basi tukae kidogo, tumzungumzie.

Yosamu alizaliwa Kyondo, akakulia kwenye kahawa. Shule aliiacha mapema, ada ilipokosekana. Mambo ya umeme alijifunza mwenyewe, na alianza kwa kuharibu. Dada yake, mama Yunia, alituambia msibani: "Aliifungua redio ya baba ikiwa nzima, akaifunga ikiwa imekufa. Baba akamchapa. Kesho yake akaifungua tena, na machozi bado machoni. Safari hii ikaimba. Baba akaomba radhi kwa redio, kwa Yosamu hakuomba."

Alipokua alishuka mjini, akafungua kibanda cha kutengeneza simu kando ya mto Nyamwamba. Mto ulipofurika ulikichukua kibanda na meza yake. Akajenga kingine, juu kidogo. Humo ndimo alimoanza kusoma habari za teknolojia, polepole, kamusi ikiwa pajani. Alisoma jinsi serikali za nchi kubwa zinavyonasa simu za raia. Alisoma jinsi siri hizo zilivyovuja, nani alizivujisha, na yaliyompata. Wateja walikuja kuchukua simu zao wakaondoka na simu na hotuba. Mwishowe mmoja wao akamwambia, "Mzee, haya unayotuambia hapa si uende uyaseme redioni?" Akaja. Tukampa dakika chache baada ya matangazo ya vifo. Zikageuka kuwa saa nzima.

Yosamu alikuwa na maoni, nanyi mnajua. Kuhusu kamera za barabarani alisema: "Mwizi wa kuku hajawahi kuonekana, lakini mimi nikipiga chafya wanajua." Kuhusu alama za vidole tulizotoa ili laini zetu zisifungwe, aliuliza kila mwaka swali lile lile: zimehifadhiwa wapi, na ufunguo anao nani? Hakuna aliyemjibu. Hakuacha kuuliza. Na kuhusu kusikiliza simu za watu alisema: "Serikali ikitaka kujua ninachokula, milango iko. Ibishe hodi, iketi, inawe mikono."

Kamera ya simu yake aliiziba kwa kipande cha plasta ya kidonda. Proscovia anacheka hata leo katika msiba wake. "Nilimwambia, wewe Baba Kabugho, nani huyo katika dunia hii anataka kuona pua yako? Akanijibu, hilo ndilo ninalotaka kujua."

Sasa, wasikilizaji wapendwa, tuje kwenye jambo ambalo yeye mwenyewe alituomba tusilifiche siku ya kumkumbuka. Ni habari ya akina Muhindo wa soko la Bwera.

Miaka michache iliyopita sauti moja ilianza kuzunguka kwenye Wasapu. Ilikuwa mazungumzo ya wanaume wawili kwenye simu. Ilisemekana ni watu wa usalama. Nani aliwanasa, nani aliivujisha, hatukujua. Mmoja anasikika akiuliza habari za sokoni zitapatikana vipi. Wa pili anajibu: "Usijali. Muhindo wa soko la Bwera atatuambia."

Yosamu alipoipata, alifurahi kama mtu aliyeokota kondoo wake aliyepotea. Miaka yote alikuwa akisema wakubwa wanatusikiliza. Sasa wakubwa wamesikilizwa. Jumamosi ile aliketi hapa, kwenye kiti hiki, akaicheza hewani. Akaicheza mara mbili. Akasema: "Siri ya serikali ni mali ya raia. Leo nawarudishia mali yenu."

Wageni kwetu huenda hawajui. Sisi Wakonzo, na ndugu zetu Wanande wa upande wa Kongo, tunapewa majina kwa mpangilio wa kuzaliwa. Muhindo ni mtoto aliyegeuza: mama alikuwa akizaa wasichana watupu, au wavulana watupu, kisha huyu akaja tofauti. Akina mama wa namna hiyo ni wengi. Rusha jiwe sokoni Bwera, litampata Muhindo, na atakayekugombeza ni Muhindo mwingine. Yosamu alilijua hilo kama anavyolijua jina lake. Lakini siku ile furaha ilimtangulia, akili ikaja nyuma ikitembea.

Watu wa sokoni hawakuigawa shaka kwa akina Muhindo wote. Walichagua mmoja. Walimchagua Muhindo Rachelle, mama wa Kikongo, mkimbizi kutoka upande wa Beni, muuza vitenge. Kwa nini yeye? Kwa sababu alikuwa mgeni. Na kwa sababu alikuwa ameonekana akiingia kituo cha polisi. Mkimbizi huenda huko kuulizia karatasi zake, lakini hilo hakuna aliyetaka kulikumbuka.

Jumamosi iliyofuata Yosamu alifungua simu kwa wasikilizaji. Wa kwanza alikuwa mwanamke mwenye hasira.

"Hallo? Niko Geneviève, wa soko ya Bwera. Ninauzisha mawese."

"Karibu, mama Geneviève. Unasemaje?"

"Papa Yosamu, radio yako inaua mutu."

"Imemuua nani, mama?"

"Bado hajakufa. Lakini eko njiani. Rachelle, jirani yangu, hakuna mutu ananunua kwake. Mwenye nyumba amemwambia atoke. Jana walimumwangia maji ya samaki juu ya bitenge. Sababu ya ile sauti yako!"

"Mimi sikumtaja Rachelle."

"Kweli, haukumutaja. Uliwasha moto ukasema miye sikutaja nyumba."

Simu ikakatika. Yosamu aliweka muziki kabla ya saa yake kuisha. Ninyi mliosikiliza siku ile mtakumbuka. Mitambo ilikuwa mizima, ni yeye aliyetaka hivyo.

Siku ya soko alifunga kibanda, akapanda gari kwenda Bwera. Alisimama mbali kidogo akatazama. Watu walipita mbele ya meza ya Rachelle kwa kujikunja, kama mtu anavyokwepa dimbwi. Vitenge vilikuwa vizuri. Hakuna aliyevigusa. Hatimaye akamsogelea.

"Madame, shikamoo. Mimi ndiye Yosamu wa redio."

Rachelle alimtazama kuanzia viatu. "Sauti ninaijua. Nilifikiri uko mutu munene."

"Nimekuja kuomba msamaha."

"Asante. Unikamatie hii kamba." Alikuwa akifunga mzigo. "Kesho kutwa ninarudia kwetu."

"Kwenu wanaua watu, Madame."

"Wanaua, ndiyo. Lakini hawaniite mupelelezi mbele ya mutoto wangu." Alionyesha binti mdogo, Alliance, aliyelala juu ya rundo la nguo. "Hapa ameulizwa na wenzake: mama yako anaandika jina ya nani leo?"

Yosamu alishika kamba. Baadaye alimsimulia binti yake Kabugho, anayefundisha shuleni kule Kitswamba, kwamba hapo ndipo alipotambua ugumu wa jambo. Angeweza kurudi redioni aseme, "Rachelle si mpelelezi." Lakini alijuaje? Hakujua. Na hata watu wakimwamini, wangefanya nini? Wangetoka pale wakamtafute Muhindo mwingine. Shimo lingebaki wazi, angebadilika tu wa kutumbukia.

"Madame," akasema, "nipe mpaka Jumamosi."

"Jumamosi kuna nini?"

"Bado sijui. Nipe tu."

Geneviève alikuwa akisikiliza kutoka kwenye madumu yake ya mawese. "Mupe, Rachelle. Umeshavumilia wajinga wengi, huyu ni mumoja tu."

Jumamosi ile Yosamu hakuja studio. Alipiga kutoka Bwera, amesimama mbele ya meza ya Rachelle na kipaza sauti cha kanisa alichoazima, na sisi tukamrusha hewani. Alianza hivi, na tunayo sauti yake mpaka leo: "Mimi Yosamu Tsongo nilikosea. Niliwapa jina moja nikawaacha mmtafute mwenyewe. Sasa namwomba kila Muhindo anayenisikia aje hapa, asimame na mwenzake."

Kwanza hakuja mtu. Mkono wa muuza nyanya ulibaki hewani. Kisha bibi mmoja akaweka chini kikapu chake.

"Mimi ni Muhindo. Ninauza mihogo. Mnanijua."

Akafuata dereva wa boda. "Muhindo. Na mpelelezi gani anadaiwa mafuta kila siku kama mimi?"

Akaja katekista. "Muhindo pia. Siri zenu ninazojua ni nyingi kuliko za polisi, na sijamwambia mtu."

Watu wakaanza kucheka. Wakaja wachoma nyama, mshonaji, mama mwenye mapacha mgongoni. Njia ikajaa. Ndipo sauti nzito ikasikika nyuma: "Pisheni! Nini hii? Mukusanyiko ya nini?" Alikuwa polisi wa kituo kile kile.

Bibi wa mihogo akamgeukia. "Afande, na wewe unaitwa nani?"

Yule afande akasita. Akarekebisha kofia. "Muhindo," akasema. "Na sasa nipisheni nipite."

Wasikilizaji wapendwa, soko lilipasuka kwa kicheko. Hata Rachelle alicheka, mkono mdomoni, machozi yakimtoka. Bibi wa mihogo akafungua ule mzigo uliofungwa, akavuta kitenge cha bluu, akakinusa. "Hiki kinanuka samaki," akasema. "Nakitaka hivyo hivyo. Nitakifua." Huyo ndiye mteja wa kwanza.

Rachelle hakurudi Beni. Yuko Bwera hadi leo, kwenye nyumba nyingine, na Alliance anasoma. Si kwamba wote walimwomba msamaha. Wengine walianza tu kununua tena, macho chini. Ndivyo watu wengi wanavyoomba msamaha, tusiwadharau.

Na Yosamu? Hakugeuka kuwa mtetezi wa wakubwa. Wiki ile ile aliuliza hewani ni nani anayenunua maneno ya wafanyabiashara wa sokoni, na kwa sheria gani. Aliendelea kuuliza mpaka pumzi ilipomwishia. Ila maoni yake yalipata mpaka ambao hayakuwa nao mwanzo. Alisema hivi, nasi tunayarudia ili yabaki: "Tangi la tajiri likivuja, hiyo ni habari, itangazeni. Mtungi wa mjane ukivuja, huo ni msiba, kamsaidieni kuuziba. Kabla hujafungua kinywa, tazama kwanza ni chombo cha nani."

Tangu hapo, sauti yoyote iliyovuja ikifika kwenye redio yetu, huketi watu wawili kuisikiliza mlango ukiwa umefungwa. Huulizana swali moja: ikitoka hewani, nani ataumia ambaye hana mahali pa kukimbilia? Tumeshatangaza nyingi. Wakubwa wametukasirikia, na ni sawa. Nyingine tumezifuta.

Mtauliza: je, Muhindo wa kwenye sauti ile alikuwa nani? Hatujui. Lakini Proscovia ametupa ruhusa tuwaambie hili.

Mwaka jana mtu mmoja alikuja kibandani Nyamwamba. Proscovia alikuwa amemletea mumewe chakula, akasikia. Mtu yule alisimama muda mrefu bila kutoa simu. Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Mzee Yosamu, siku ile Bwera na mimi nilikuja kusimama. Nataka nikuambie kitu. Yule Muhindo..."

Yosamu alimkatiza. "Umekula?"

"Mzee, nisikilize. Waliniambia karatasi za ndugu yangu..."

"Nimekuuliza, umekula?" Akamsogezea kigoda. Akakata bugali katikati. "Ile kazi unaifanya bado?"

"Niliacha, mzee. Niliacha siku ile ile, pale pale sokoni."

"Basi nawa mikono," akasema Yosamu, "chakula kinapoa."

Proscovia anasema walikula mpaka wakamaliza. Mtu yule alipoondoka alimuuliza mumewe, "Huyo ni nani?" Yosamu akamjibu, "Ni mtu aliyesimama na Rachelle."

Kwa mama Proscovia, kwa Kabugho na wadogo zake, kwa mama Yunia na ukoo wote wa Kyondo, tunawapa pole. Mzigo ni wenu, lakini mabega ni yetu sote. Mungu ampumzishe Yosamu Tsongo, na awape ninyi usingizi. Wasingya, asanteni, kwa kutuazima mtu wenu miaka yote hii.

Na wewe unayetusikiliza, leo au kesho simu yako italia. Itakuletea sauti ya mtu asiyejua kwamba unamsikia. Kidole kitataka kuituma mbele upesi. Kiache kidole kipumzike kidogo. Mfikirie mwenye jina lile, na wote wanaolitumia pamoja naye. Mfikirie mtoto atakayeulizwa na wenzake. Kama ni jambo la mkubwa anayekuonea, tangaza, wala usiogope. Kama si hivyo, mpe mwenzako kigoda.