Moto wa Yaw Asiamah Boadu, 1946–2023

Waombolezaji wenzetu, mzee Yaw Asiamah Boadu alizaliwa siku ya Alhamisi, tarehe 14 Machi 1946, hapa hapa Ahenkrom, akiwa kifungua mimba wa marehemu Mama Afua Dansoa, na aliyemfuata ziwa ni mdogo wake Kwadwo Twumasi, huyu aliyeketi mbele yenu kando ya jeneza.

Alisoma shule ya misheni hadi mwaka 1961, akaacha masomo baba yao alipofariki, akashika panga na kuingia katika shamba la kakao, na kufikia umri wa miaka thelathini jina lake lilikuwa likitajwa hadi Goaso kwa kakao iliyokauka vizuri. Mwaka 1971 alifunga ndoa na Mama Adwoa Birago, wakajaliwa watoto wanne, na watatu kati yao wapo hapa.

Marehemu alituagiza tusiruke mwaka 1983, alisema mtu akifichwa aibu yake amezikwa nusu, na sisi tunatii.

Mvua ilikuwa imekataa, upepo mkavu ulikuwa ukivuma, watu walikula mizizi, na Mama Birago alikuwa mjamzito, basi Jumamosi tarehe 22 Januari Yaw alitoka na kiberiti ili achome kichaka kilicho nyuma ya shamba, ndezi watoke, apate nyama. Mama yake alimkataza, na Kwadwo akamshika mkono.

"Kaka, upepo huu si wa kuchezea kiberiti."

"Wewe unaogopa hata moshi wa jiko la mama! Kaa hapo na woga wako, nikirudi na nyama usinusenuse sufuria."

Hakurudi na nyama. Moto uliruka kichaka, ukaruka kijito kilichokauka, ukaingia katika kakao yake, kisha ya majirani, miti iliyopandwa na babu zetu ikalia kama risasi, na Mama Dansoa, aliyekuwa amekwenda kupumzika katika kibanda cha shambani, alizingirwa. Kwadwo ndiye aliyeingia kumtoa, mama akatoka mzima, lakini paa la nyasi lilimwangukia Kwadwo usoni, na tangu siku hiyo hajaona mwanga.

Kabla majivu hayajapoa watu walikwishaanza kunong'ona kwamba ni mgema mmoja mgeni aliyewasha, wakitaka kumfukuza. Yaw angeweza kunyamaza, hakuna aliyemwona ila mama na ndugu yake, lakini alisimama mbele ya chifu, akasema, "Mwacheni huyo baba. Ni mimi. Nilikatazwa, nikawasha."

Alitozwa kondoo, alizuiwa meza ya Bwana mwaka mzima, kisha majirani wakamsamehe, kanisa likampokea, na mwaka 1994 likamfanya mzee wa kanisa. Alipofundisha habari za Daudi, alikuwa akisema kwamba Mungu alimwondolea mfalme yule dhambi yake siku ileile aliyoungama, lakini mtoto alikufa na upanga ukabaki nyumbani, hivyo vijana wasidhani toba hurudisha mbegu iliyokwisha kuota.

Naye aliishi ndani ya maneno hayo. Mchumba wa Kwadwo alirudisha posa, Kwadwo hajaoa hadi leo, na kwa miaka arobaini Yaw alimshika mkono kwenda kanisani, mtoni na misibani. Kila upepo mkavu ulipoanza hakula akashiba, aliinuka katikati ya chakula kunusa hewa, aliwapekua watoto mifuko akitafuta viberiti, hata mwanawe wa pili, Asante, akachoka na hofu hiyo, akaondoka kwenda kuishi Abidjan, na hadi asubuhi hii bado tunatazama barabara. Ila hofu yake kuu ilikuwa moja, hakuwahi kuthubutu kumwuliza mdogo wake kama amemsamehe, na kila Kwadwo aliponyamaza, yeye alijihukumu upya.

Mwezi Agosti mwaka huu moyo wake ulianza kuchoka, akavimba miguu, akalazwa hospitali ya wilaya. Jumatatu ya wiki ile ya mwisho binti yake Dufie alimpeleka Kwadwo kitandani pake, na hapo Yaw aliuliza, akitweta, kama mtu anayesubiri kukatiwa hukumu.

"Kwadwo, ulishanisamehe?"

"Ah, kaka! Nilikusamehe donda halijakauka. Macho ndiyo hayakusikia."

Yaw alilia, kisha akacheka hadi muuguzi akaja kutazama, na Alhamisi tarehe 9 Novemba 2023 alilala usingizi wa mwisho.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani ambao baba zao waliunguliwa na leo wamechimba kaburi hili, wakulima wenzake wa kakao, na wazee wa kanisa.

Mtu mmoja tu hatutamwongoza kwenda makaburini. Kwadwo amekataa mikono yetu yote, amesema atashika mpini wa jeneza na kaka yake atampeleka. Wabebaji, nendeni taratibu. Yaw Asiamah, mfikishe ndugu yako, kisha upumzike kwa amani.