Sura Inayocheka Si Yangu

Asalaam aleikum, ndugu zangu! Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, aliyelirudisha paji langu la uso kwenye msala. Nisikilizeni mpaka mwisho, mtajua kwa nini naanza na paji la uso.

Ilikuwa ule mwaka mchele ulipoadimika, Ramadhani nzima tukafuturu shelisheli. Shelisheli la nazi, shelisheli la kuchoma, shelisheli la kukaanga, mpaka wajukuu zangu wakiuona mti wake wanageuza uso. Hata Idi pilau ilikuwa ya kuonja. Mwaka huo ndio mgongo wangu ulipokataa kabisa.

Mie ni mtu wa Kizimkazi, sasa nakaa Chukwani na mjukuu wangu Zuhura. Skuli sikukaa sana. Ujana wangu wote nimeponda makumbi ya nazi. Unayafukia kwenye tope la pwani, yakishaoza unayafukua, unainama, unayapiga kwa gongo mpaka yatoe nyuzi, ndipo unasokota kamba. Kwa kamba hizo nimelea watoto, na mjukuu wangu leo ni mwalimu! Nasema kwa kujivuna, na anayechukia achukie.

Lakini mgongo nao ukadai haki yake. Maumivu yalianza kiunoni, yakashuka mguuni kama mtu ananipitishia msumari wa moto. Miaka, ndugu zangu! Nimechuliwa, nimepigwa chuku ya kunyonya damu, nimefukizwa mpaka nikanuka kama samaki wa kubanikwa. Na kila nilipokwenda kutibiwa naambiwa, "Uzee huo, bibi." Uzee! Mbona macho yangu ni ya mzee huyohuyo, na uzi kwenye sindano natia mwenyewe?

Haya yote ningeyameza. Lililonivunja ni moja tu: sikuweza tena kusujudu. Nikawa nasali juu ya kiti cha plastiki, nainamisha kichwa kidogo kama mtu anayesinzia. Dini inaruhusu, najua, msije mkanisomesha. Lakini mimi nimeweka uso wangu chini tangu mtoto. Nilikuwa nautazama msala pale mbele ya kiti kama mtu anavyoutazama mlango wa nyumba yake, na yeye kazuiwa asiingie.

Siku moja Zuhura akaniambia mjini kuna hospitali inafanya utafiti wa dawa ya maumivu sugu, yale yasiyoondoka. Akanipeleka. Tukapokewa na Daktari Nasrin, binti wa Kihindi, baba yake ana duka la vitambaa Malindi, hapohapo mjini. "Shikamoo, bibi." "Marahaba, mwanangu." Akatueleza bila kuficha: baadhi yetu tutapewa dawa mpya, wengine kidonge kinachofanana nayo lakini ndani hamna kitu, na hata yeye hajui nani kapata kipi. Hivyo ndivyo watakavyojua kama dawa inafanya kazi kweli. Nikakubali. Maradhi yangu aliyasema Zuhura: "Bibi hasujudu tena. Akitaka kuinuka kitandani analia." Mie nilikuwa nimekaa pembeni nimejifunika buibui, kimya. Ndivyo tulivyolelewa, mgonjwa husemewa.

Na hapo ndipo lilipoingia balaa.

Maana Daktari Nasrin akaanza kuja nyumbani, na anakuja asubuhi Zuhura yuko skuli. Ana kadi ina sura zimechorwa, moja inacheka, nyingine zinakunja uso kidogo kidogo, ya mwisho inalia machozi. Ananiuliza, "Bibi, maumivu yako leo ni sura ipi?"

Ndugu zangu, mimi nilipojifungua mtoto wangu wa kwanza, mkunga alinitia kanga mdomoni nisije nikasikika kwa jirani! Sisi mtu akituuliza hali tunasema alhamdulillahi, sijambo, hata kama tumebebwa juu ya kitanda. Sasa mtoto mdogo yule, kaniamkia kwa adabu, nikamwonyeshe sura inayolia? Nionekane namlalamikia Mungu? Naweka kidole kwenye sura inayocheka. Akishaondoka natambaa kwenda kitandani. Na shoga yangu Bi Kazija, jirani yangu mwenye magoti mabovu, naye yumo kwenye utafiti, naye kidole chake hapohapo kwenye kicheko.

Tukaja tukaitwa mjini, kina mama wote tulioshiriki. Akasimama mkuu wao, bwana mmoja wa miwani, suti imemkaa vizuri. Akasema sura zote zimecheka. Waliopewa dawa wamecheka, na waliopewa kidonge kitupu wamecheka vilevile. Basi dawa haina faida. Na akaongeza, "Yumkini maumivu yenu mengi yalikuwa mawazo tu. Utafiti tunaufunga. Lakini nawapongezeni sana, mna uvumilivu mkubwa."

Mawazo! Watu wakapiga makofi! Nami nikahisi damu inanipanda kichwani. Mgongo huu ulioinamia tope tangu sijaolewa, leo ni mawazo? Na anatupongeza kwa nini, kwa kunyamaza?

Nikataka kusimama nimjibu. Ule msumari ukanichoma, ikanitoka sauti ambayo hata uzazini sikuitoa.

Daktari Nasrin akanikimbilia. "Bibi! Si umekuwa ukinionyesha hujambo?"

Kabla sijajibu, Bi Kazija akadakia. "Huyu? Muongo huyu! Tangu alfajiri anatambaa kama kaa! Kwenye gari tumempakia kama gunia la mbatata!"

"Na wewe je?" nikamgeukia. "Jana chooni umenyanyuliwa na mkamwana! Unadhani ukuta hausikilizi?"

"Ah, we mwanamke, mbele za watu!"

"Umeanza mwenyewe!"

Basi ukawa mfereji umefunguliwa. Kila mama akawa anamtaja mwenziwe. Huyu hawezi kuchuchumaa, yule hakuni nazi, yule halali ubavu wa kulia. Hakuna anayejisemea, lakini kumsemea jirani, wallahi, walitaka wawekewe kipaza sauti!

Daktari Nasrin machozi yakamlenga. "Kwa nini mlinificha, bibi?"

"Hatukukuficha, mwanangu. Tulikustahi."

Yule mkuu akaja na kadi yake, sauti imepungua. "Basi, bibi, leo chagua tena. Safari hii sema kweli." Nikaisukuma ile kadi na kile kicheko chake. Nikamwambia mbele ya wote: "Sicheki mie na mgongo unaniwaka moto!"

Hakufunga kitu. Angefungaje, na sisi tumekaa pale hatuondoki? Wakaanza upya. Safari hii Daktari Nasrin akija, anatukalisha wawili wawili mkekani, anauliza kwanza, "Bi Kazija, mwenzio leo kashindwa nini?" Hapo humnyamazishi! Nami nikifika zamu yangu namlipa. Halafu ndiyo kila mtu anajisemea, na tukajifunza, kidogo kidogo, kutamka kwa midomo yetu: naumwa, hapa, hivi.

Walipofungua siri yao, kumbe ile mara ya kwanza mimi nilikuwa namezeshwa kidonge kitupu! Miezi mizima nimekichekea kidonge kitupu! Mara ya pili ikaniangukia dawa yenyewe, pamoja na mazoezi ya kunyoosha kiuno. Bi Kazija dawa haikumfaa sana, magoti yake ni habari nyingine, na sasa wanamtibu kivyake. Sisemi uongo ili ushuhuda upendeze.

Lakini mimi, ndugu zangu! Ilikuwa sala ya alasiri. Nikakisogeza kiti pembeni. Nikaegemea mkono, goti moja, goti la pili, kisha nikainama. Paji likagusa msala. Nikakaa kulekule chini, nalia, nashukuru, mpaka Zuhura akanitikisa akidhani nimekufa. Mungu amenitoa, na katumia mikono ya madaktari na mdomo wa Bi Kazija!

Basi wewe unayenisikiliza na umeuma kanga yako, iteme. Mungu anayajua maumivu yako tangu zamani, kumwambia daktari si kufuru. Nenda katibiwe. Mtumaini Mola wako, na useme kweli. Na nyinyi mnaotupongeza kwa uvumilivu, tuondoleeni pongezi zenu, tuulizeni tena!

Maumivu hayajaisha yote. Kipupwe kikiingia huwa yanarudi kunisalimu. Juzi kulikuwa na baridi, wakaja watu wa hospitali na kamera, wanataka picha yangu waibandike ukutani wagonjwa waione. Yule bwana wa miwani naye yupo. Kijana wa kamera akaniambia, "Bibi, cheka kidogo, watu waone umepona."

Nikamtazama. Nikamtazama na bwana wa miwani, naye keshainamisha uso, anajua kinachokuja.

"Sicheki mie na mgongo unaniwaka moto!"