Siku Tuliyolima Bila Pombe

Asifiwe Bwana, anayetuona hata tukiwa shambani! Ndugu zangu, mimi ni mjane, nalima mahindi na kahawa hapa Isansa. Nimesimama kumshukuru Mungu kwa ajili ya mwanangu Tumaini.

Mnajua desturi yetu. Ukitaka shamba liishe kabla ya mvua, unapika pombe ya ulezi na kualika majirani waje na majembe. Nami nilipika. Tumaini alipokuwa kidato cha pili, wanaume wakamjazia kikombe. "Amelima kama sisi, atakunywa kama sisi!" Wote tukacheka. Tuliona amekua.

Kila Jumamosi kulikuwa na shamba la mtu, na kikombe. Baadaye hakungoja Jumamosi. Mtoto aliyekuwa wa kwanza, akiwaelekeza wenzake hesabu, akawa anasinzia darasani, alama zikashuka muhula baada ya muhula. Nilifunga na kuomba, nikidhani kuna mtu amemfunga akili. Kumbe chungu cha pombe kilikuwa jikoni kwangu! Mwalimu wake aliniita, akasema, "Mama, akili anayo. Anakuja akinuka pombe."

Ndugu zangu, nilimlilia Mungu! Msimu uliofuata nikatangaza: kwangu mtakula wali na maharage, pombe hakuna. Siku ikafika, hakuja mtu. Tukalima wawili, mimi na mwanangu. Jirani mmoja akapita, akaita kutoka njiani, "Mama Tumaini! Leo malaika wako wamechelewa na majembe?" Tukaendelea kulima.

Jioni tulikuwa tumemaliza kipande kidogo tu. Akaketi kwenye tuta, akaniambia, "Mama, mimi nisingeweza kukataa mbele ya wale wazee. Ahsante umekataa wewe."

Hapo Bwana alianza kumfungua! Nasema alianza, kwa sababu alianguka tena, tukaomba tena. Sehemu kubwa ya shamba haikupandwa, na mwaka ule tulikula unga wa kununua. Sasa yuko kidato cha nne. Hajarudi kuwa wa kwanza. Lakini anaamka, anakwenda shule, na jioni namsikia uani akiwaelekeza wenzake hesabu. Utukufu kwa Mungu!

Ndugu zangu, mvua ziko karibu. Najua humu ndani kuna anayeogopa kubaki na shamba tupu kama langu. Mtegemee Bwana, usiinjike chungu. Na ukikosa watu, tuite mimi na Tumaini. Tutakuja na majembe yetu.