Mama Kipimo, Mchanganya Rangi Aliyekataa Kutia Sahihi

Marehemu, ambaye wengi wetu tulimwita Mama Kipimo, alizaliwa tarehe 9 Machi 1961, mtoto wa tatu wa mshona viatu. Alisoma hadi darasa la saba, kisha miaka miwili chuo cha ufundi, ambako hakuna aliyemfikia kwa hesabu.

Tarehe 4 Februari 1982 aliajiriwa katika kiwanda cha nguo. Alipima unga wa rangi kwenye mizani na kuumimina katika mapipa ya maji moto. Unga ulipeperuka, ukamwingia puani na kumganda kwenye nywele. Glavu hazikuwepo. Alipouliza, msimamizi alimjibu, "Ni rangi tu, mama. Haijaua mtu."

Mwaka 1985 aliolewa na fundi wa mashine za kufumia. Mumewe hupenda kusimulia kwamba asubuhi ya kwanza baada ya harusi alikuta mto wa kitanda umegeuka samawati. "Nikajua nimeoa kiwanda kizima." Walijaliwa watoto wawili.

Juni 2017 aliona damu kwenye mkojo. Akaificha wiki tatu. Daktari alipogundua saratani ya kibofu, alimuuliza kazi yake.

"Mko wangapi chumba hicho cha rangi?"

"Kumi na wanne."

"Waambie waje wote."

Kabla hajawaambia, msimamizi wa wakati huo, aliyeona barua ya daktari, alifika nyumbani na karatasi. Atie sahihi kwamba ugonjwa hautokani na kazi, na kiwanda kitagharamia upasuaji. Binti yake alimsihi akubali. Marehemu aliisoma mara mbili.

"Nikitia sahihi, wale kumi na watatu nitawaambia nini?"

Akamrudishia kalamu.

Kesho yake, zamu zikibadilishana, alisimama getini akawaeleza wenzake mmoja mmoja. Mlinzi aliamriwa amwondoe. Akajifanya hakusikia.

Kumi na mmoja walipimwa. Watatu walikutwa na ugonjwa ukiwa bado mchanga, wakatibiwa, na wako nasi hapa. Wawili waliogopa kufukuzwa kazi, hawajapimwa mpaka leo. Alituachia agizo tulisome mbele ya watu: nendeni mkapimwe.

Upasuaji wake ulichelewa miezi saba, na saratani ikafika kwenye mifupa. Alifariki tarehe 2 Oktoba 2019, saa nne asubuhi, mkono wake ukiwa mkononi mwa binti yake.

Ameacha mume, binti muuguzi, mwana fundi umeme, wajukuu watatu na dada yake mkubwa.

Pumzika, mama yetu. Amani iwe nawe.