Papa Isaïe Muhindo, fundi wa chaudière (1953–2025)

Mzee tunayemsindikiza leo alizaliwa kwenye baridi. Papa Isaïe Muhindo aliona jua tarehe 14 Machi 1953 katika milima ya Lubero, Kivu ya Kaskazini, mtoto wa Mzee Kataliko, mkulima wa viazi, na Mama Kahindo. Dada zake walimtangulia wote, hakuna mvulana kati yao, ndiyo sababu akapewa jina la Muhindo, kama desturi ya Wanande inavyotaka. Alipenda kutusimulia asubuhi za kwao: ukungu mlangoni, na watoto wamebanana kuzunguka mafiga, kila mmoja akigombea mahali pa kupasha mikono.

Alisoma shule ya msingi kwenye misheni ya Lubero, kisha ufundi wa mashine huko Butembo, akapata diploma mwaka 1973. Mwaka uliofuata alimfuata tonton wake, yaani mjomba, hapa Kisangani, mfanyabiashara wa maharagwe na viazi. Biashara ilimshinda. Wateja walikuwa wakimngoja dukani, naye yuko kwa jirani, amelala chini ya mashine ya kusaga mihogo. Tonton wake hakukasirika. Alimwambia tu, "Muhindo, weye unasikia mashine kuliko watu," akamtafutia kazi kwenye kiwanda cha nguo.

Huko, mwaka 1976, alikabidhiwa kwa Mzee Nassoro, wa zile familia za Kiislamu za tangu zamani za mji huu, aliyetunza chaudière, mashine kubwa ya kuchemsha maji na kutoa mvuke. Mzee Nassoro alimfundisha kwa maneno machache: "Kwanza sikiliza. Kisha angalia moto. Mukono ni wa mwisho." Walifanya kazi pamoja hadi Mzee Nassoro alipofariki, na Papa Isaïe alibeba jeneza lake begani.

Aliyekuja kuwa mke wake, Mama Adeline, alikuwa akiuza liboke, samaki wa kuchomwa ndani ya majani, mbele ya lango la kiwanda. Kila mchana Isaïe alikuja na mikono myeusi, na kila mchana aliambiwa, "Enda unawe kwanza." Siku moja alikuja amenawa hadi kwenye viwiko, amevaa shati jeupe, na hakununua samaki. Walifunga ndoa tarehe 18 Agosti 1979, wakajaliwa binti wawili, Olga na Annette. Mama Adeline alituacha mwaka 2011. Tangu hapo, Papa hakulala tena upande wa kulia wa kitanda, uliokuwa wa Mama.

Vita vya Juni 2000 vilipopita, kazi kiwandani ikapungua, akaenda kwa masista wenye hospitali, mtaa wa Tshopo. Chaudière yao ndogo ya gesi ilichemsha maji ya kufulia mashuka na kuogeshea watoto wachanga. Kabla ya kuiwasha alinusa kwenye chupa za gesi, akapaka povu la sabuni kwenye maungio ya bomba aone kama linavimba, akatazama kipimo cha presha, akahakikisha tundu la hewa na bomba la moshi viko wazi. Sista mmoja alimharakisha: "Papa Isaïe, mashuka yanangoja." Akajibu, "Yangoje, masere. Gesi haingoje."

Olga aliondoka mwaka 2009, akaolewa na Constant, wakakaa Liège, Ubelgiji. Nyumba yao ilipashwa joto na chaudière ya gesi. Papa alishangaa kusikia kwamba kuna watu wanapasha moto nyumba nzima, halafu akaiulizia mashine ile kama mtu anavyoulizia hali ya mkwe wake. Kila Septemba, kabla ya baridi, alimpigia Olga simu: "Umeita fundi? Mimi niko mbali, siwezi gusa. Ita mwenye ruhusa, afungue, asafishe." Na kila Jumapili baada ya misa: "Moto iko rangi gani?" Olga alijibu, "Buluu, Papa," rangi ya moto unaowaka vizuri, ndipo wakaendelea na habari za watoto, Lionel na Jemima, wajukuu ambao Papa aliwajua kwa sauti na kwa picha za simu tu.

Jumapili tarehe 22 Januari 2017, Olga alimwambia watoto wana mafua. Jemima ametapika, Lionel amelala tangu asubuhi, na yeye mwenyewe kichwa kinamuuma.

"Batu bote mara moja?" Papa aliuliza. "Angalia moto."

Olga alikwenda, akarudi. "Papa, iko ya manjano. Na kuko masizi huku juu."

"Beba batoto, toka inje. Usitafute viatu. Ukiwa inje ndiyo uite pompiers."

Alisikia mlango, akasikia mtoto analia, kisha simu ikakatika. Annette alikuwa naye uani. Papa alishika ile simu kwa mikono miwili, akaitazama. Wazima moto walikuta bomba la moshi limezibwa na kigae kilichoangushwa na upepo wa juma lile. Sumu isiyo na harufu ilikuwa inarudi ndani ya nyumba. Olga alipopiga tena, Papa aliomba kusikia wajukuu, mmoja mmoja. Lionel akamwambia babu yake, "Koko, kuko baridi hapa inje."

"Baridi ni muzuri, mutoto," Papa alimwambia. "Bakia kwa baridi." Kisha akampa Annette simu, akageuka ukutani.

Alitamani sana kuwashika. Alipata pasipoti, viza ikakataliwa. Olga alipanga kuja mwaka 2020, mipaka ikafungwa. Na kwao Lubero hakurudi tena, kwa kuwa njia haikuwa na usalama. Magari ya viazi yalipofika kutoka huko, alikwenda kwenye depo, akaokota kiazi kimoja chenye udongo, akakinusa, akakirudisha.

Presha ilimwangusha mwezi wa Juni mwaka huu, ikamwacha upande mmoja umelegea. Annette alimuuguza nyumbani, kisha hospitalini. Jumatatu tarehe 10 Novemba, jioni, Olga alipiga simu: "Papa, niko Kinshasa na batoto. Tunangoja ndege ya kesho."

"Kinshasa iko karibu," alisema.

Alifariki asubuhi ya Jumanne tarehe 11 Novemba 2025, ndege haijatua.

Ameacha binti wawili, Olga na Annette, mkwe wake Constant, wajukuu Lionel na Jemima, ambao wamesimama hapa mbele yake kwa mara ya kwanza, pamoja na dada zake walioko Lubero, ambao njia haikuwaruhusu.

Papa, wajukuu wako wamefika. Pumzika.