Mtunza Fedha Aliyekosea kwa Kupokea Fedha

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Bodi, Mheshimiwa Mkurugenzi wa Hospitali, ndugu wakuu wa idara, ndugu wauguzi mnaoshughulika na walio hai, ndugu wageni waalikwa, nawe Bi Chenji, mwenye shughuli yako: salamu kwenu nyote. Mimi ni msimamizi wa chumba cha maiti. Wateja wangu hawajawahi kunipigia makofi wala kunizomea, kwa hiyo lolote mtakalofanya leo kwangu ni heshima.

Nimepewa kazi ya kumuaga mtunza fedha wetu, anayestaafu mapema kwa hiari yake, kama tulivyoelezwa na watu ambao hawakumuuliza. Jina la Bi Chenji alipewa na wagonjwa, kwa sababu hakuna aliyewahi kuambiwa dirishani kwake, "Njoo kesho, sina chenji." Angeamka akaenda kuitafuta hadi kwa muuza magazeti.

Kisha maendeleo yakatufikia: malipo yote yakawa kwa simu. Mheshimiwa Mkurugenzi, nakupongeza kwa dhati. Dirisha la Bi Chenji lilizibwa kwa ubao, na juu yake pakabandikwa tangazo: HOSPITALI ISIYO NA FEDHA. Ndugu zangu, watu walitusikitikia. Kuna bibi mmoja aliniuliza kama tunapokea michango.

Nisiseme uongo, fedha ya mkononi nayo si malaika. Bi Chenji ana kovu pale juu ya nyusi, alilopata siku majambazi walipompokonya mkoba akielekea benki. Yeye mwenyewe aliniambia, "Kaka, simu siichukii. Binti yangu hunitumia matumizi kwa simu, nami nalala usingizi. Lakini kwani tukifungua mlango wa mbele, lazima tuzibe wa nyuma?" Swali la mtu asiyehudhuria semina, bila shaka.

Sasa, siku ile wachimba barabara walikata waya wa mtandao. Asubuhi hiyo alifika fundi uashi mmoja kumchukua marehemu mama yake. Nje lilisubiri lori la kukodi lenye jamaa zake, mvua ikiwanyeshea, na huko kwao kaburi lilikwisha kuchimbwa, linajaa maji. Fundi alikuwa na fedha zote za gharama, taslimu, mkononi. Je, alikosa nini? Alikosa mtu wa kuzipokea. Alibonyeza simu, ikamjibu kwa adabu ajaribu tena baadaye. Akabonyeza tena. Adabu ileile.

Kijana wetu wa kompyuta alimwambia, "Vuta subira, mzee. Mfumo utarudi."

Fundi akamjibu taratibu, "Mimi nasubiri. Kaburi ndilo halisubiri."

Tukampigia simu Mheshimiwa Mkurugenzi. Hatukumpata, na wala simlaumu: alikuwa kwenye kongamano, akieleza mafanikio ya mfumo.

Ilipofika alasiri yule fundi aliketi sakafuni, mgongo ukiegemea mlango wangu, akaanza kuzungumza na mama yake kupitia ubao wa mlango. Alikuwa anamwomba radhi. Nimefanya kazi hii miaka mingi, na nimesikia vilio vya kila namna. Kile kilinishinda. Nilitoka nje.

Niliporudi, Bi Chenji alikuwa amesimama pale ukumbini. Hakupaza sauti. Alisema, "Nipeni bisibisi." Akaung'oa mwenyewe ule ubao wa dirisha lake, akafuta vumbi, akaketi kwenye kiti chake, akapokea fedha za fundi, akamwandikia risiti na kuigonga muhuri. Kisha akanigeukia: "Kaka, mtoe mama wa watu akapumzike." Nikamtoa. Walizika kabla giza halijaingia.

Bi Chenji naye akaitwa ofisini. Na hapa, Mheshimiwa, ndipo hospitali yetu ilipovunja rekodi: tulikuwa wa kwanza kumshtaki mtunza fedha kwa kosa la kupokea fedha. Wengine huwashtaki kwa kuziiba. Sisi tumesonga mbele zaidi. Wiki iliyofuata tukaambiwa amechoka, anataka kustaafu.

Dada yangu Bi Chenji, hujachoka. Sote tunalijua hilo, na tulikaa kimya kwa kuwa kila mtu ana watoto wa kulisha. Leo angalau mmoja wetu amelisema.

Mheshimiwa Mkurugenzi, nina ombi moja tu. Yule bwana mwenye shati la kijivu, mstari wa mwisho, ndiye fundi mwenyewe. Nimemwalika mimi. Fundi, tafadhali simama, uonekane. Sasa, Mheshimiwa, kipaza sauti hiki hapa nakuachia. Mwambie, sisi sote tukisikia, kwamba siku ile Bi Chenji alikosea.

Nawashukuru kwa masikio yenu. Nakwenda kuketi. Karibu, Mheshimiwa.