Hatua Mia Mbili za Mzee Teodori Sikazwe

Baba Paroko, wazee wa ukoo, ndugu, majirani na wote mliofika kutufuta machozi, historia hii inasomwa na Zita, binti wa kwanza wa marehemu, kwa kuwa yeye ndiye aliyeachiwa karatasi, na anaomba radhi mapema kwamba kuna mahali haikulainishwa.

Marehemu Teodori Sikazwe alizaliwa tarehe 3 Mei 1961 hapahapa Lwansimba, akiwa mtoto wa kwanza wa mzee Urbano na mama Silvana, na baada yake, mwaka 1966, alizaliwa mdogo wake wa pekee, Oswaldi, ambaye marehemu alimbeba mgongoni, akamfundisha kuinua matuta ya ulezi, na wakala sahani moja mpaka kila mmoja alipooa.

Alisoma shule ya msingi hapa kijijini kuanzia 1970 hadi 1976, akaendelea na sekondari Sumbawanga hadi 1980, kisha akajiunga na chuo cha misitu, akahitimu mwaka 1983 na kuajiriwa kuwa bwana misitu, kwanza bondeni Mtowisa, kwenye joto ambalo yeye mtoto wa baridi alililalamikia hadi uzeeni, halafu Sumbawanga mjini, akienda na kurudi hapa nyumbani, kuanzia 1992 hadi alipostaafu tarehe 3 Mei 2021. Tarehe 9 Julai 1988 alifunga ndoa takatifu na Bertha, binti kutoka Msanzi, wakajaliwa watoto watatu, Zita, Isdori na Agnesi, na wajukuu watano.

Kazi aliyoipenda kuliko zote ni ya ushoroba, yaani ukanda wa ardhi unaoachwa bila kulimwa ili wanyama wapite, kwa sababu mbega wa msitu mdogo wa Kapele walikuwa wamefungiwa na mashamba yetu pande zote, hawana njia ya kuwafikia wenzao wa msitu wa Mbizi, na katika mkutano wa Jumamosi tarehe 18 Septemba 2010 marehemu aliwauliza wazee kama wangekubali kijiji kizima kioane ndani ya nyumba moja, wazee wakacheka mpaka wakashika mbavu, na kaya thelathini na moja zikatoa ukanda wa hatua mia mbili kwa upana, yeye akiwa wa kwanza kutoa, ekari tatu za ulezi alizoachiwa na baba yake. Akapanda miti ya asili, akapalilia, akawa anaamka alfajiri kuhesabu nani amepita, na asubuhi ya tarehe 14 Machi 2014, baada ya miaka mitatu na nusu ya kuandika sifuri, mbega saba walivuka juu ya mkuyu wa katikati, mmoja amembeba mtoto, marehemu akarudi nyumbani anakimbia kama mtoto wa shule, na mama alipomsikiliza uji wote uliungua. Hesabu hizo zilijaza madaftari tisa.

Mwezi Agosti 2022, wakati figo zilipoanza kumsumbua na akawa amelazwa, walikuja wageni wa kufanya tathmini ya ushoroba, siku moja tu, tena katika kiangazi ambacho mbega hawavuki, na marehemu, akilijua hilo, alikuwa amemkabidhi mdogo wake Oswaldi, mwenyekiti wetu wa kijiji, madaftari yote tisa ili awape wageni mkononi. Wageni waliambiwa kwamba kumbukumbu hakuna, na kwamba mbega ni habari za zamani, wakaandika kuwa ushoroba hautumiki, na kabla ya mvua za Novemba ukanda ukagawanywa, miti ikakatwa, na ekari tatu za katikati, pamoja na kisiki cha ule mkuyu, zikawa za mwenyekiti.

Marehemu aliyajua hayo kwa namna ambayo hatumwombei mtu yeyote, kwani siku aliyotoka kliniki alipita soko la Mazwi kwenye genge la shemeji yake, mke wa Oswaldi, akanunua karanga, akaifungua karatasi na kukuta mwandiko wake mwenyewe. Aliikunja akaiweka mfukoni mwa shati, akaendelea kumsalimia mdogo wake na kumkaribisha ugali kila Jumapili, lakini karanga hakula tena, na tuliomfulia mashati tunajua kwamba ile karatasi ilikuwa inahama shati hadi shati. Ilimkata maini, akafa na tai shingoni.

Alizidiwa mwezi Januari mwaka huu wa 2025, akafariki Jumanne tarehe 11 Februari saa kumi na moja alfajiri, saa aliyozoea kuamka kwenda kuhesabu.

Mbele ya karatasi imeandikwa, 14 Machi, mbega saba, mmoja na mtoto. Nyuma yake, kwa mkono uliokwisha kudhoofu, ameandika kwamba azikwe kwenye kisiki cha mkuyu, na sote tunajua kuwa huku kwetu hakuna anayelima juu ya kaburi wala kando yake, na bwana misitu alilijua hilo kabla yetu.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhangaikia, watumishi wenzake wa misitu, na majirani mliobeba jeneza katikati ya mahindi bila kukanyaga mche wa mtu. Tunamshukuru pia baba mdogo Oswaldi, ambaye jana alikataa kaburi lichimbwe shambani mwake mpaka jioni, halafu akaja peke yake, akayang'oa mahindi yake yakiwa mabichi, akapima mahali pa kaburi kwa hatua zake, na alipomaliza akaketi kwenye kisiki akalia kwa sauti, nasi hatukumnyamazisha.

Baba, umepata nafasi ndogo kuliko uliyotuachia. Pumzika kwa amani, ulipolala hapalimwi.